Kambi ya jeshi imeachwa karibu na mpaka? Msianze na kuchora hoteli

Kambi ikihamwa tu, utaona mtu amekuja na picha ya hoteli na swimingi puli. Tulieni kwanza. Kama mko Busia, visiwa vya Siaya, ama popote karibu na Uganda, anzieni chini.

Kwanza ardhi. Msiamini stori ati "hii ilirudishiwa kaunti". Nendeni ofisi ya ardhi muombe rekodi rasmi ya hiyo ploti, juu kama ni ardhi ya umma basi Tume ya Taifa ya Ardhi lazima ihusike na hakuna MCA (mwakilishi wa wadi) atawapatia hati maski aape na mama yake. Inachosha, lakini mkiruka hapa mtamjengea mtu mwingine.

Halafu mabomu, na hii sio mchezo. Kule Archers Post (Samburu) na Dol Dol (Laikipia), silaha zilizobaki baada ya mazoezi ya jeshi la Uingereza ziliua na kulemaza wachungaji wa mifugo, wengine watoto, mpaka Uingereza ikakubali mwaka wa 2002 kulipa karibu pauni milioni 4.5. Kwa hivyo hakuna jembe wala trekta kuingia kabla wataalamu wa jeshi kupima. Ukiona chuma imeshika kutu iko na mapezi kwa mkia kama samaki, usiguse, usirushe jiwe, simama, rudi kwa nyayo zako zilezile, ukifika mbali weka alama watu waione halafu ambia chifu ama polisi saa hiyohiyo.

Mafuta yaliyomwagika kwa gereji na paa za asbestosi, hizo peleka NEMA, mamlaka ya mazingira. Usipande dari kung'oa mwenyewe.

Sasa mpaka. Angalieni Weeze, Ujerumani, karibu na mpaka wa Uholanzi. Ilikuwa kambi ya ndege za Waingereza, ikafungwa 1999, wawekezaji Waholanzi wakaingia, na 2003 ikaanza kubeba abiria, wakiwemo wa kutoka Uholanzi. Poa, lakini pia watu wa Bergen, ng'ambo ya mpaka upande wa Uholanzi, walienda kortini juu ya kelele za ndege. Hapo ndio mimi naona watu hulala: jirani anaitwa siku ya kukata utepe, na vumbi na kelele ameshakula kitambo. Muiteni mapema, kabla ya ramani.

Kaunti haiwezi kusaini mkataba na serikali ya Uganda, mambo ya nje ni ya Nairobi. Ile ya kaunti mnaweza peleka kwa umoja wa kaunti za ziwa, na ya nchi mbili mgonge mlango wa Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, ile ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ofisi yake iko hapa Kisumu. Wafanyabiashara wa soko za pande zote waongee tu wenyewe, hawahitaji ruhusa kuongea.

Matumizi? Mi ningeanza na stoo za nafaka na omena, juu ukuta na geti mara nyingi viko tayari na mzigo unapita Busia na Malaba kila siku. Utalii uje tu kama kuna historia ya kuonyesha, kama Mageta, kisiwa ambacho wakoloni walifungia watu wa Mau Mau miaka ya 1950.