Somo: kupima madini ya risasi kwenye perege na kambale bila kujitia presha

Wakuu habari za mchana. Kuna vijana wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na wengine wa mtaani wameniuliza hii kitu inbox mpaka nimechoka kurudia, nikaona bora niandike mara moja. Leo tunapima risasi, hii metali nzito ya kwenye betri za magari, siyo ya bunduki.

Kwanza samaki wenyewe. Ukienda mabwawa ya Hombolo au Mtera usichague wakubwa tu kwa sababu wanavutia, chukua size tofauti, kila mmoja mpime urefu na uzito palepale umwandikie namba, kisha mfuko safi wa plastiki na barafu. Yule wa soko la Majengo aliyekaa mezani tangu asubuhi amefungwa gazeti muachie mama apike.

Ukifika maabara ndio pa kutulia. Kata minofu, ini na matamvua, kila kimoja chombo chake, usichanganye hata kidogo maana risasi hailali sehemu moja, kwenye ini, figo na matamvua inakuwa nyingi kuliko kwenye minofu, sasa ukisaga samaki mzima unapata namba isiyomsaidia mtu yeyote. Kisu cha kutu hapana. Vyombo vyote viwe vimelala usiku kucha kwenye asidi ya naitriki asilimia 10 halafu visuuzwe kwa maji yaliyotoneshwa, maji ya bomba hapana.

Pima nyama mbichi, ikaushe kwenye oveni nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike tena, pima tena na uandike zote mbili (shika hapa, tutarudi). Saga, chukua gramu 1, weka asidi ya naitriki na haidrojeni peroksaidi, pasha taratibu ndani ya kabati linalovuta mvuke mpaka iwe maji maangavu, ukifanyia mezani mapafu ni yako. Chuja, jaza maji hadi mililita 50, peleka mashine ya AAS, ile inayopima metali kwa kuangalia mwanga unaofyonzwa. Pembeni uwe na chupa iliyopita hatua zote bila samaki, hiyo ndo blanki, kilichosoma humo unakitoa kwenye namba ya samaki.

Hesabu: tuseme mashine imesoma 0.016 mg kwa lita. Zidisha 50, gawa kwa gramu 1, unapata 0.8 mg kwa kilo. Kiwango cha juu cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) kwa risasi kwenye samaki ni 0.3, kwa hiyo unapiga kelele eeh? Mimi nilipiga, nikampigia shangazi simu aache kambale, akaacha mwezi mzima na bado ananikumbusha kila sikukuu. Ile 0.8 ni ya nyama KAVU, kiwango ni cha nyama MBICHI. Kama kwenye gramu 100 mbichi zilibaki 22 baada ya oveni, unazidisha 0.8 kwa 0.22, inakuwa 0.176. Samaki yuko chini ya kiwango.

MASWALI

— Mkuu, zebaki nayo napima hivihivi? Huku kwetu Iramba wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaitumia sana.
Hapana kaka, zebaki inapaa na joto, ukikausha kwenye oveni nyingine inaweza kuondoka. Ipime kwenye nyama mbichi, na kuiyeyusha kwa asidi ufanyie kwenye chombo kilichofungwa.

— Shikamoo mwalimu. Nikikaanga sana hiyo metali si inatoka?
Marahaba. Haitoki mwanangu, kinachotoka ni maji, samaki anapungua uzito metali inabaki. Ukitupa matumbo, ini na matamvua risasi unaipunguza kweli. Zebaki ndio kichwa kigumu, yenyewe inakaa kwenye minofu.

— Kwa hiyo kambale ni mbaya kuliko perege?
Kwa zebaki huwa juu, maana kambale anakula na samaki wenzake wakati perege anajilia mwani. Kwa risasi usiotee, mpime. Na ukileta majibu humu andika kabisa ni kavu au mbichi, shangazi yangu anasoma.