Kabla hujafungua kabureta ya Honda CG125 ya zamani

Pikipiki ya zamani ikikataa kuwaka, au ikizima njiani bila sababu, mafundi wengi hukimbilia kabureta. Bisibisi inatoka, skrubu zinafunguliwa, kabureta inapulizwa upepo, inarudishwa, na tatizo linarudi siku ya pili. Mimi naona kabureta iwe ya mwisho kuguswa. Kwenye pikipiki hizi hakuna pampu ya mafuta. Petroli inashuka kutoka kwenye tangi kwa uzito wake yenyewe, ikipita koki, chujio na mpira kabla haijafika kwenye kabureta. Popote hapo inaweza kukwama, na pote hapo unaweza kupakagua bila kulegeza skrubu hata moja ya kabureta.

Nitaisemea zaidi Honda CG125, kwa sababu bado zipo nyingi na kwa sababu ukoo wake umejaa barabarani kwetu. Honda waliianza mwaka 1976, injini ya cc 124 yenye valvu zinazosukumwa na fito badala ya kuendeshwa na cheni ya juu, wakilenga nchi ambako oili hubadilishwa mtu akikumbuka. Baadaye viwanda vya China viliuchukua muundo ule, ndiyo maana bodaboda nyingi za cc 125 na 150 zina injini inayofanana nayo karibu boliti kwa boliti. Hapo kuna neema na mtego. Neema ni kwamba gasketi, sindano ya floti (boya la ndani ya kabureta linalofunga na kufungua petroli) na mpira wa kabureta utavipata Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, bila kuzunguka sana. Mtego ni kabureta mpya ya bei chee inayoingia vizuri kwenye boliti zilezile huku matundu yake ya ndani ni ya injini nyingine. Ukishaifunga hiyo, unakuwa umeongeza tatizo la pili juu ya lile ambalo hujalijua bado. Kabureta iliyokuja na pikipiki usiitupe, hata ikiwa imechakaa kwa macho.

Kabla ya kushika spana, ulizia historia. Ilikaa muda gani bila kuwashwa? Ilikaa na mafuta au bila mafuta? Nani aliigusa mara ya mwisho, na aligusa nini? Imebadilishwa eksozi, au kasha la chujio la hewa limeondolewa ili "ivute vizuri"? Imehama kutoka pwani kwenda bara? Jibu la swali moja kati ya haya mara nyingi linatosha kukuonyesha pa kuanzia. Iliyosimama miaka miwili na petroli ndani ina uchafu uliogandia kwenye matundu madogo. Iliyokuwa ikitembea vizuri jana na leo inazima kila baada ya kilomita chache ina shida nyingine kabisa, na kuifungulia kabureta ni kupoteza jioni nzima.

Kisha yaangalie mafuta yenyewe. Fungua mpira unaoingia kwenye kabureta, mimina kiasi kidogo kwenye chupa ya kioo iliyo safi na kavu, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini kama matone yanayotembea ukiinamisha chupa. Kutu itaonekana kama vumbi jekundu. Petroli iliyozeeka utaijua kwa harufu: inanuka kama rangi ya mafuta iliyochacha, na rangi yake imeiva. Halafu kuna kuchakachua. Tanzania ilianza kuweka vinasaba (kemikali ya kuyatambulisha) kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuondoa faida ya kuyachanganya; Kenya nayo mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyohiyo. Uchakachuaji umepungua, lakini petroli ya chupa za barabarani bado ni bahati nasibu. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe kavu. Petroli safi huruka haraka na kuacha karatasi ilivyokuwa. Ikibaki doa la mafuta, usiendelee na uchunguzi wowote mpaka umeitoa yote na kuweka mafuta unayoyaamini.

Swali linalofuata ni kama shida kweli ni ya mafuta. Piga kiki mara kadhaa, kisha toa plagi papo hapo. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika ila hayawaki, au yanafika kupita kiasi. Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki. Plagi ya injini iliyotembea husema zaidi: rangi ya kahawia ni nzuri, masizi meusi makavu ni petroli nyingi kuliko hewa, na weupe wa chokaa ni petroli kidogo. CG125 za mwanzo zina platini na kondensa, sehemu za mfumo wa cheche, na kondensa inayokufa inaiga tabia za ukosefu wa mafuta kwa ustadi wa ajabu. Injini inawaka baridi, inatembea, ikipata moto inazima, ukisubiri inapoa, inawaka tena. Tangi lisilopumua nalo hufanya hivyohivyo. Kwa hiyo inapozima njiani, usikae ukapumzika. Fungua kifuniko cha tangi palepale, toa plagi palepale, itazame kama imelowa, kisha iegemeze kwenye chuma cha injini, mbali na tundu lake, uone kama inatoa cheche. Baada ya robo saa ushahidi wote umeshapoa.

Kifuniko cha tangi ndicho kinachosahaulika kuliko vyote. Kina tundu dogo la kuingiza hewa, na likizibwa na vumbi au na rangi ya aliyepaka tangi upya, ndani hutokea mvuto unaozuia petroli kushuka, kama dumu la mafuta ya kupikia ulilolitoboa upande mmoja tu. Ukifungua kifuniko na kusikia hewa ikivutwa ndani, umeshapata jibu. Kipimo chake hakihitaji kifaa: chomoa mpira kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa, fungua koki huku kifuniko kikiwa kimefungwa. Petroli inatakiwa itoke mfululizo na iendelee hivyo. Ikianza kwa nguvu kisha ikafifia kuwa matone, fungua kifuniko. Ikirudi kwa nguvu, tatizo ni tundu. Ikiendelea kudondoka tu, shuka kwenye koki.

Koki ya CG ina nafasi tatu: kufunga, kufungua na akiba. Ndani ya tangi kuna kibomba kirefu kinachochukua mafuta ya kawaida na mlango wa chini kabisa unaochukua akiba. Huo wa chini ndio unaokusanya maji na kutu, kwa hiyo pikipiki inayotembea vizuri kwenye kawaida na kukohoa ikiwekwa kwenye akiba inakueleza habari za tangi. Pwani, ambako hewa ina unyevu, tangi linaloachwa nusu hutoa jasho ndani kwa juu na kutu huanzia hapo. Mulika ndani kwa tochi, usitumie kiberiti (nimewahi kusikia mtu akishauri hivyo kwa uso mkavu). Kutu nyepesi inaondoka kwa siki au asidi ya ndimu iliyolala humo usiku kucha, ikifuatiwa na kusuuza vizuri, kukausha, na kupaka oili nyepesi ndani siku hiyohiyo, la sivyo kutu mpya itatokea kabla hujarudisha tangi mahali pake. Iliyokula chuma mpaka tangi likavuja ni kazi ya fundi wa mabati anayejua matangi, maana tangi tupu lenye mvuke ni hatari zaidi ya lililojaa.

Chujio la katikati ya mpira nalo nina neno nalo. Yale makubwa ya karatasi yametengenezwa kwa magari yenye pampu. Kwenye pikipiki inayotegemea uzito wa petroli tu yanaweza kuchelewesha mafuta au kushika kiputo cha hewa. Tumia dogo lenye wavu, lililo wazi uone ndani, na mpira usipande juu kisha kushuka.

Mahali pa kazi pawe wazi, penye hewa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kukaa kwenye mashimo, hivyo jiko la mkaa lililo hatua kadhaa kutoka ulipo si la kupuuza. Weka mchanga au kizima moto karibu, na petroli unayoitoa iwekwe kwenye chombo chenye mfuniko, kamwe isiwe chupa ya maji ya kunywa ambayo mtoto anaweza kuibeba. Kuhusu vifaa, kitu kimoja kitakuokoa na hasira: skrubu za Kijapani zenye alama ya msalaba hazifanani na zile za kawaida. Zinafuata kipimo chao cha viwanda vya Japani, JIS, na bisibisi ya kawaida ya nyota huruka na kukwangua vichwa vyake. Ndiyo sababu kabureta nyingi za zamani zina skrubu zilizotobolewa kwa patasi. Tafuta bisibisi ya JIS, au angalau inayojaza kabisa alama ile, na ugonge kichwa cha skrubu kidogo kabla ya kuzungusha. Ongeza kipande cha mpira unaoonyesha ndani, plagi mpya (D8EA ndiyo inayouzwa kwa injini hizi), gasketi ya bakuli la kabureta na simu ya kupigia picha.

Bado usifungue. Kama injini inawaka hata kidogo, isikilize kwa nafasi ya mafuta unayoivuta. Ikikataa kushika sailensa, yaani kunguruma polepole bila kuvuta mafuta, lakini ukivuta inakwenda, jeti ndogo (jeti ni kitundu kinachopima petroli) au skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli ndiyo ya kushuku. Katikati ya mvuto ni kazi ya sindano inayopanda na pistoni ya kabureta. Ikichoka ukiwa umevuta mpaka mwisho, angalia jeti kubwa au mafuta yasiyofika ya kutosha. Ikiwa sailensa inapanda yenyewe na kushuka polepole, kuna hewa inayoingia kwenye mpira au gasketi kati ya kabureta na injini. Kaza boliti kwanza. Na ikiwa ilitoka Tanga kwenda Mbeya au Limuru na sasa inatoa moshi mweusi, huenda haina ugonjwa wowote: hewa ya juu ni nyepesi, jeti ileile sasa inaleta petroli nyingi kupita hewa iliyopo. Injini yenyewe hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000, na hakuna usafi wa kabureta utakaoirudisha.

Kipimo cha mwisho kabla ya kufungua ni kiwango cha petroli ndani ya bakuli. Chomeka mpira ule unaoonyesha kwenye tundu la kumwagia chini ya kabureta, uukunje kuelekea juu kando yake, kisha legeza skrubu ya kumwagia huku koki ikiwa wazi. Petroli itasimama ndani ya mpira kwenye kiwango ilichonacho ndani, ambacho kwa kawaida ni karibu na maungio ya bakuli. Ikiwa chini sana, au inapanda mpaka kumwagika, shida ni floti au sindano yake.

Ukifikia kufungua, sasa unajua unatafuta nini. Kabla ya kutoa skrubu ya mchanganyiko, iingize taratibu mpaka iguse, ukihesabu mizunguko, na uandike. Iliyo upande wa chujio la hewa huongoza hewa, kwa hiyo kuilegeza kunapunguza petroli kwenye mchanganyiko. Iliyo upande wa injini huongoza petroli na kazi yake ni kinyume. Andika namba zilizochongwa kwenye jeti. Zizibue kwa uzi mmoja wa waya wa shaba, usitumie waya wa chuma wala sindano ya kushonea, maana tundu likitanuka kidogo tu namba ile haina maana tena. Shika jeti kwenye mwanga: lazima uone duara kamili.

Baada ya kurudisha kila kitu, fungua koki na usubiri dakika kumi bila kupiga kiki, uone kama kuna unyevu chini ya bakuli. Halafu toa kijiti cha oili ukinuse. Sindano ya floti iliyokuwa ikivuja kwa wiki kadhaa huenda ilishusha petroli kupitia silinda mpaka kwenye oili; kiwango kikiwa kimepanda na kinanuka petroli, mwaga oili yote, weka mpya, ndipo uwashe.