Vietnam: pangeni noti zenu kabla hamjaingia mtaani

Kama we na mwenzio mnapanga kuzunguka Vietnam na mabegi mgongoni, mkishabadilisha hela tu kaeni chini mzipange, manake noti ya dong 20,000 na ya 500,000 zote ni za bluu, zote za plastiki, zote zina sura ya Ho Chi Minh, kiongozi wao wa zamani, na usiku pale Hanoi mtaa umejaa, muuza supu anasubiri hela yake, pikipiki zinapiga honi nyuma yenu, ni rahisi mno kutoa kubwa ukidhani ni ndogo. Hapo umelipa mara 25 yaani!

Sisi tuligawana, mke wangu alishika zile za laki tano kwenye pochi ya ndani ya nguo, mi nikabaki na ndogondogo za msosi na basi. Kabla ya kutoa noti hesabu masifuri, alafu igeuze, ya 20,000 nyuma ina lile daraja la Kijapani la mji wa Hoi An lenye paa, na ya 500,000 ni ndefu kidogo ukizipanga pamoja.

Na kuvuka barabara msisubiri pikipiki ziishe, haziishi. Shikaneni mikono mtembee polepole, mwendo uleule mpaka ng'ambo, zenyewe zinawakwepa, ila mmoja akikimbia mwingine akasimama katikati hapo ndo hatari. Mabasi na malori yaacheni yapite kwanza, hayo hayakwepi mtu.