Jinsi ya Kuandika Wasifu wa Mbunge wa India Bila Kuchanganya Viti, Vyama na Miaka

Anza na viti, mtu atafuata. Kabla ya kuandika alizaliwa wapi na alisoma nini, chora jedwali lenye safu sita: mwaka, baraza, eneobunge, jimbo (kama Assam au Telangana), chama, na jinsi kipindi kilivyoisha. Makosa mengi ya wasifu wa wanasiasa hawa hutoka humo, hasa kwenye safu ya mwisho ambayo watu huiacha tupu.

Baraza lina uzito wake. Lok Sabha, baraza la chini la Bunge la India, ina viti 543, wananchi huvipigia kura moja kwa moja, na muda wake ni miaka 5 isipovunjwa mapema. Rajya Sabha, baraza la juu, haivunjwi kamwe: kila mjumbe hukaa miaka 6, na theluthi moja huondoka kila baada ya miaka 2. Wajumbe wake huchaguliwa na wajumbe wa mabunge ya majimbo, isipokuwa 12 wanaoteuliwa na Rais. Kwa hiyo usimwandikie mjumbe wa Rajya Sabha kwamba "alichaguliwa na wananchi". Manmohan Singh alikuwa Waziri Mkuu kuanzia 2004 hadi 2014 akiwa Rajya Sabha kwa tiketi ya Assam. Mara aliyogombea Lok Sabha, South Delhi mwaka 1999, alishindwa.

Usihesabu vipindi kwa kuzidisha mara tano. Chaguzi za 1996, 1998 na 1999 zilizaa Lok Sabha ya 11, ya 12 na ya 13, hivyo aliyeshinda zote tatu na kukaa hadi 2004 alitumikia takriban miaka minane tu. Kinyume chake, ile ya 5 iliyochaguliwa 1971 ilirefushwa wakati wa Hali ya Hatari (1975–77, serikali iliposimamisha haki za raia) ikafika 1977. Andika namba ya Lok Sabha pamoja na miaka, vyote viwili.

Jina la eneobunge nalo lina mitego. Mipaka iliyochorwa upya 2008 ilianza kutumika katika uchaguzi mkuu wa 2009. Baadhi ya maeneo yalifutwa, mengine yakabaki na jina lile lile lakini wapiga kura tofauti, na mengine yakatengewa wagombea wa jamii za Dalit, tabaka zilizobaguliwa kihistoria (viti 84 kwa jumla), au wa makabila ya asili (viti 47). Mbunge aliyehama eneo mwaka huo huenda hakukimbia mtu yeyote. Kiti chake kilimfungia mlango. Jimbo liandike kama lilivyoitwa wakati huo: Medak ya 1980 ilikuwa Andhra Pradesh, ingawa tangu 2014 iko Telangana.

Sasa ile safu ya mwisho. Mfuate Indira Gandhi, aliyekuwa Waziri Mkuu, uone jinsi inavyoweza kupinda. Alishinda Rae Bareli 1971. Juni 1975 Mahakama Kuu ya Allahabad ikabatilisha ushindi huo, lakini Novemba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikaurejesha, kwa hiyo kuandika kwamba alipoteza kiti 1975 ni kosa. Alikipoteza kwenye kura za 1977, mbele ya Raj Narain. Novemba 1978 akaingia tena kwa uchaguzi mdogo wa Chikmagalur, Desemba akafukuzwa na bunge lenyewe. Mwaka 1980 alishinda viti viwili, Rae Bareli na Medak; sheria hairuhusu kushika vyote, akabaki na Medak. Ukiona uchaguzi mdogo mara tu baada ya uchaguzi mkuu, tafuta mshindi wa viti viwili.

Kwenye chama, tenganisha kuhama na kuungana. Aliyekuwa chama cha Jana Sangh, kisha Janata Party 1977, kisha BJP 1980 hakuwa kigeugeu: chama chake kiliungana na vingine, halafu kundi lake likatoka na kuunda kipya. Tangu 1985, anayekihama chama kwa hiari au kukaidi amri ya mnadhimu wake anaweza kupoteza ubunge. Ndiyo maana utakuta mtu anajiuzulu kwanza, kisha anagombea kiti kile kile kwa chama kipya. Kufukuzwa na chama ni jambo jingine. Somnath Chatterjee alitimuliwa na chama chake cha kikomunisti, CPI(M), Julai 2008, akabaki mbunge na Spika hadi 2009.

Kwa mali na kesi, chukua hati ya kiapo ambayo kila mgombea huwasilisha pamoja na fomu ya kugombea. Kwa uchaguzi mkuu utazipata kuanzia 2004. Soma vipengele vya mwenza na wategemezi pia. Kesi inayoendelea usiiandike kama hukumu. Thamani ya ardhi huwa ni makadirio ya bei ya soko, hivyo utajiri "ulioongezeka maradufu" ndani ya miaka mitano unaweza kuwa shamba lile lile lililopanda bei. Kwenye tarakimu, laki ni 100,000 na crore ni 10,000,000. Angalia koma, maana Wahindi huandika 1,00,000.

Kazi ya bungeni ni sehemu inayodanganya kuliko zote. Mawaziri hawasaini daftari la mahudhurio wala hawaulizi maswali, kwa hiyo sifuri yao si utoro. Kura nyingi hupigwa kwa sauti, hivyo mara nyingi hakuna kumbukumbu ya nani alisema ndiyo. Miswada binafsi, ile ya wabunge wasio mawaziri, isimpe mtu sifa kubwa wala lawama: iliyopitishwa tangu uhuru ni 14 tu, wa mwisho mwaka 1970. Na fedha za maendeleo ya eneo, rupia crore 5 kwa mwaka kwa kila mbunge, yeye hupendekeza mradi tu. Utekelezaji ni wa mamlaka ya wilaya. Andika "alipendekeza kisima", usiandike "alichimba".