Jinsi ya kupima kama kweli hiki ndicho kilileta kile

Huku magharibi mwa Kenya mvua za Machi na Aprili zikianza, kumbikumbi wanatoka, na hapo utaskia mmoja akisema hao ndio wameleta mvua, mwingine anasema wapi, ni mvua imewatoa. Hilo swali lichukulie kwa uzito, juu ukijua kulijibu vizuri utajua pia kujibu yale ya mbolea, ya dawa, na ya stima kupotea kila ukiwasha pasi.

Kwanza kubali kwamba kufuatana peke yake hakutoshi. David Hume, mwanafalsafa wa Scotland, aliandika mwaka 1748 kwamba ukiangalia hiki kikifuatwa na kile huoni nguvu yoyote ikitoka hapa kwenda pale, unaona tu cha kwanza alafu cha pili, mara nyingi. Thomas Reid, Mskoti mwenzake, akamjibu: usiku hufuatwa na mchana tangu dunia iwe dunia, sasa tuseme usiku ndio unazaa mchana? Hapana, ni dunia inazunguka.

Alafu jiulize, kama hiki hakingekuwepo, kile kingetokea? Mmarekani David Lewis aliijenga hii vizuri sana mwaka 1973. Umeweka mbolea ya DAP na mahindi imekubali, je, bila DAP ingekubali? Msimu ujao acha mistari kadhaa bila kitu, udongo ule ule, mbegu ile ile, palizi siku moja, uone. Ila kuna mtego hapa. Tuseme ungekosa DAP ungeweka samadi, na mahindi ingekuwa vile vile. Ukijibu lile swali harakaharaka utasema DAP haikufanya kitu, na si kweli, ni hiyo DAP ilifanya kazi, samadi ilikuwa tu imesimama kando ikingoja. Kwa hivyo usiulize tu mwisho ungekuwaje, fuata pia njia ambayo kitu kilipitia mpaka kikafika.

Hatua ninayoipenda kuliko zote ni kugusa, usiangalie tu. Mwanafalsafa James Woodward aliiandikia kitabu kizima mwaka 2003: badilisha kimoja kwa mkono wako, vingine viache, uone kama cha pili kitabadilika. Na akina mama na watoto wa Vihiga na Kakamega wanaifanya hii bila kumsoma mtu. Wanaenda kwa kichuguu, wanapiga vijiti chini kwa mdundo, tutututu bila kuchoka, na kuna aina ya kumbikumbi hutoka kabisa jua likiwa linawaka. Sasa angalia vizuri hapo: kumbikumbi wametolewa, na mbingu iko vile ilikuwa. Kama wao ndio huleta mvua, ingenyesha. Swali la mwanzo limeisha, na limeishwa na vijiti.

Usisahau kutafuta cha tatu kilichozaa vyote viwili. Zamani Wazungu waliamini malaria inaletwa na hewa mbaya ya kinamasi, na ukikausha kinamasi kweli ugonjwa ulipungua, ndio maana waliamini kwa muda mrefu hivyo. Mwaka 1897 daktari Mwingereza, Ronald Ross, akiwa India akapata vimelea vya malaria ndani ya mbu. Kinamasi kilikuwa kinazaa harufu na mbu pamoja. Ukiishi karibu na ziwa hapa Kisumu hiyo tofauti si ya vitabuni, juu ubani utaondoa harufu na mbu watabaki, neti ndio itakusaidia.

Ya mwisho ni kutenganisha sheria ya asili na jambo ambalo limetokea tu kuwa kweli. Sufuria zangu zote ni za alumini: ni kweli, lakini leta ya chuma hapa jikoni, haitageuka alumini. Alumini huyeyuka kwa digrii 660: hiyo inahusu hata sufuria ambayo haijatengenezwa bado. Sheria inakuambia kitakachotokea mahali hujajaribu. Wanafalsafa wanabishana kwa nini. Lewis alisema sheria ni muhtasari bora wa yote yanayotokea, David Armstrong wa Australia mwaka 1983 akasema kuna kitu halisi kinachoyalazimisha. Mimi niko na Armstrong, muhtasari naona hauwezi kulazimisha kitu.

Jaribu na maharagwe. Shuleni tuliambiwa maji huchemka kwa digrii 100, lakini Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari na huko yanachemka kwa kama 94, Kisumu kama 96. Sheria yenyewe ni ya mkandamizo wa hewa, ukipungua huko juu maji huchemka kwa digrii za chini, ukizidi kwa digrii za juu, na ndio hiyo hiyo inafanya sufuria ya presha ifike karibu 120. Kwa hivyo maharagwe yakikataa kuiva Nakuru usianze kugombana na mama aliyekuuzia. Chukua gorogoro moja ya maharagwe hayo, ugawe, nusu upikie kwa sufuria ya kawaida, nusu kwa presha, maji yale yale. Ya presha yakiiva sawa, bado usiseme ni mwinuko peke yake, juu presha huivisha hata maharagwe yaliyokaa stoo sana. Tafuta mapya ya msimu huu uyapike kwa sufuria ya kawaida pia, ndio ujue ni gani.