Kumtibu mgonjwa kwa simu ya video katika vijiji vya mbali vya Waaborijini wakati wa korona

Machi 2020, Medicare, bima ya afya ya umma ya Australia, ilipanua sana malipo yake kwa matibabu ya simu na ya video. Mwezi huohuo vijiji vingi vya mbali vya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, vilifungwa, na watu wengi wa nje wakatakiwa kukaa karantini siku 14 kabla ya kuingia. Kwa hiyo daktari akabaki mjini. Atakayeibeba kazi yenyewe ni mhudumu wa afya Mwaborijini anayekaa chumbani na mgonjwa. Bila yeye, usipange miadi ya video ila kwa jambo dogo.

Siku moja kabla, mhudumu huyo aulize mambo matatu: mgonjwa anataka daktari mwanamume au mwanamke, anahitaji mkalimani wa lugha gani, na nani asikae naye chumbani. Hili la mwisho lina uzito. Katika jamii nyingi wapo ndugu wasioruhusiwa kuzungumza wala kukaa pamoja, na mgonjwa atanyamaza tu wala hatakueleza kwa nini. Miadi iwe zahanati, si kwa simu ya nyumbani: mara nyingi simu ni moja kwa ukoo mzima, salio huisha katikati, na siri husikika na wote.

Weka tableti kwenye stendi, dirisha liwe mbele ya mgonjwa. Likiwa nyuma yake, daktari ataona kivuli tu. Ishara ya intaneti ya setilaiti za juu hupanda na kushuka kama kilomita 36,000, hivyo jibu huchelewa zaidi ya nusu sekunde. Sema, kisha subiri. Picha ikikwama, zima kamera mwendelee kwa sauti. Namba ya simu ya kawaida iwe imeandikwa pembeni tangu mwanzo.

Vipimo vichukuliwe kabla daktari hajatokea. Presha ipimwe mgonjwa akiwa ameketi kimya dakika 5, kwa mkanda unaoutosha mkono wake. Mkanda mdogo hupandisha namba. Kipima oksijeni kinataka kidole chenye joto, kisicho na rangi ya kucha. Kwenye ngozi nyeusi kinaweza kuonyesha namba ya juu kuliko ukweli, basi usitulie kwa sababu kimeandika asilimia 94 huku mtu anahema: hesabu pumzi kwa dakika nzima. Kikisoma 92 au chini, au kifua kikiuma, acha video, piga simu ya ndege ya uokoaji.

Katika mazungumzo, kimya si kukataa wala kutoelewa. Mgonjwa anafikiri, mpe nafasi hata kama kwenye skrini inaonekana ndefu. Kosa kubwa zaidi ni maswali ya ndiyo au hapana. Wengi hujibu “ndiyo” kwa heshima, au ili yaishe, na daktari huandika kuwa dawa zinamezwa. Mwombe azishike zile dawa mbele ya kamera, aonyeshe ipi ya asubuhi na ipi ya usiku. Kwa mila za wengi, jina la marehemu lisitajwe unapouliza magonjwa ya ukoo. Uliza kwa uhusiano: mama, kaka, babu.

Kuna mambo video haiyawezi. Sikio la mtoto linalotoa usaha lahitaji otoskopu (kifaa cha kuchungulia ndani ya sikio) yenye kamera, au macho ya mtu aliyepo. Na sindano ya penisilini kwa mwenye homa ya baridi yabisi, ambayo kwa kawaida huchomwa kila siku 28, isiahirishwe kwa hofu ya korona: ikichelewa, ugonjwa unaweza kurudi na kuharibu zaidi vali za moyo. Mchomeni nje chini ya kivuli, mkiwa na barakoa.

Kabla ya kukata simu, mhudumu afungue kabati athibitishe kwamba dawa iliyoandikwa ipo. Kama haipo, daktari abadilishe palepale, akiwa bado hewani.