FL Studio inakwaruza? Anza na bafa kabla ya kununua kompyuta nyingine

Ngoma, besi, kinanda, voko tatu. Ukicheza biti kwenye FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, sauti inakatakata, na mtu pembeni anakwambia mashine imechoka. Mara nyingi haijachoka, imepangwa vibaya.

1. Bonyeza F10, ingia Audio, chagua draiva ya ASIO, yaani draiva ya sauti yenye ucheleweshaji mdogo. Mwenye saundi kadi ya nje achague draiva ya kadi hiyo. Asiye nayo, FL Studio ASIO inayokuja na programu inamtosha.

2. Rekebisha bafa, yaani akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta huiandaa kabla ya kuicheza. Hapa ndipo penye kazi. Kwa 44100 Hz, bafa ya sampuli 128 ni karibu milisekunde 3, ya 512 karibu 12, ya 1024 karibu 23, na sauti ikitoka kwenye maiki hadi kwenye hedifoni ucheleweshaji huzidi hapo. Kwa hiyo ukirekodi, weka 128 au 256, la sivyo mwimbaji atasikia sauti yake ikimfuata nyuma na atatoka nje ya mdundo. Ukimiksi, panda hadi 1024 au 2048. Hakuna anayeimba, ucheleweshaji haumuumizi mtu. Tazama hesabu ya underruns hapo hapo. Kila inapoongezeka, kompyuta imeshindwa kujaza bafa kwa wakati.

3. Chomeka chaja, kisha kwenye Windows chagua utendaji wa juu. Laptop nyingi zikitumia betri hupunguza kasi ya prosesa.

4. Bado inakwaruza hata kwenye projekti nyepesi? Pakua LatencyMon, programu ya bure inayoonyesha draiva zinazochelewesha sauti. Iache ifanye kazi Wi-Fi ikiwa imewashwa, kisha zima Wi-Fi na upime tena. Hali ikitulia, mwenye kosa ni draiva ya Wi-Fi.

5. Punguza mzigo wa plagini, yaani ala na efekti unazoongeza ndani ya FL. Riverbu (efekti ya mwangwi) moja inayopokea voko zote inatosha, sioni sababu ya kuweka moja kila voko. Sintesaiza nzito igeuze kuwa wave, yaani faili ya sauti. Halafu nenda Tools, Macros, uwashe smart disable kwa plagini zote, ili zisizotoa sauti zipumzike.

Usishangae mita ya FL ikigonga 100 huku Windows ikionyesha prosesa imetumika nusu. Plagini zilizopangwa mfululizo kwenye njia moja ya miksa husubiriana, kwa hiyo kiini (core) kimoja cha prosesa huelemewa vingine vikipumzika.

RAM ongeza tu kama unatumia maktaba kubwa za sampuli. RAM haiondoi kukwaruza kunakotokana na prosesa kuelemewa.